Nyumba Njema Si Mlango: Namna ya Kuitambua Injini Ngeni katika Gari Kongwe la Spoti

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba sura ya neno si ithibati ya asili yake. Mtaa wa Kware, ulioko Embakasi Kusini katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ni mfano wa karibu. Anayeifungua kamusi atakuta kwamba kware ni ndege wa porini wa jamii ya kuku. Hata hivyo, mtaa huo haukupewa jina kwa ajili ya ndege. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machimbo ya mawe, ambalo lilitoholewa vinywani mwa watu hadi likasadifu kufanana na jina la ndege. Sura ni moja, asili ni mbili. Anayetegemea sura pekee hupotea.

Tatizo la namna hiyohiyo huwakabili mafundi wa magari. Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Gari kongwe la spoti, la viti viwili, linaburutwa hadi katika gereji ya jua kali mtaani Kware. Nembo yake inasema ni Datsun 240Z. Kitabu cha usajili kinasema ujazo wa injini ni sentimita za ujazo 2,393. Mwenye gari naye anaapa kwamba injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Fundi anafungua boneti, anatazama, anatikisa kichwa. Nambari iliyo kwenye injini si ile iliyo kitabuni. Je, hii ni injini gani, na imetoka wapi?

Makala hii inakusudia kueleza jinsi swali hilo linavyojibiwa. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna alama moja inayotosha kuitambua injini. Kila alama hujibu swali lake tu, na kazi ya mtambuzi ni kuzipanga alama hizo kwa uzito, akianza na ile inayobadilishwa kwa urahisi hadi kufikia ile isiyobadilishwa ila kwa jasho na gharama. Msomaji wa fasihi ataona baadaye kwamba njia hii si ngeni kwake.

Kwa nini Datsun 240Z?

Tumeichagua Datsun 240Z kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria. Gari hili, lililoanza kuundwa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969, lina nafasi ya pekee katika kumbukumbu za Afrika Mashariki. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda mbio za Safari Rally kwa 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa 240Z baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, hata ikabidi sare ivunjwe kwa kanuni za mashindano. Huo ulikuwa wa kwanza kati ya ushindi mara tano aliojipatia Mehta katika mbio hizo. Tangu mwaka 2003, mashindano ya magari makongwe ya East African Safari Classic yameyarudisha magari ya enzi hiyo kwenye vumbi. Kwa hiyo 240Z inayodaiwa kuwa ya asili ina thamani ya fedha na ya heshima, na penye thamani hapakosi madai.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Injini ya asili ya 240Z, iitwayo L24, ina ndugu wengi. Jamii ya L yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja ilikuwa na L20, L24, L26 na L28, na ndugu hao hawakutiwa katika magari ya spoti pekee. Walitiwa pia katika saluni kubwa za Datsun, na L28 iliingia hata katika Nissan Patrol. Kwa nje wanafanana kama mapacha, na aghalabu kiungo cha mmoja humkaa mwingine. Injini ya asili inapochakaa na vipuri vyake kuadimika, mwenye gari hutafuta mbadala, ama katika gari lililoharibika, ama kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wakiiita Grogan kwa jina lake la zamani. L28 huingia mahali pa L24 bila kukata chuma. Baada ya wamiliki wawili watatu kupokezana gari, hakuna anayekumbuka kilichofanyika.

Kwa nini utambuzi una umuhimu?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa gari linakwenda, jina la injini lina faida gani? Faida zipo tatu.

Kwanza, ni usalama wa injini yenyewe. Silinda za L24 zina kipenyo cha milimita 83, ilhali zile za L28 zina milimita 86. Anayenunua gasketi ya L24 na kuilaza juu ya bloku ya L28 huacha ukingo wa gasketi ukichungulia ndani ya silinda. Ukingo huo hupata moto mkali na kuungua, maji ya radieta hupata njia ya kuingia yasipotakiwa, na injini iliyogharimu mshahara wa miezi huharibika kwa kosa la milimita tatu. Pistoni na ringi zake nazo hufuata kanuni hiyohiyo.

Pili, ni sheria. Nchini Kenya, kitabu cha usajili hubeba nambari ya chesisi na nambari ya injini, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari atoe taarifa maelezo yaliyosajiliwa yanapobadilika. Daftari la magari hutunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Gari ambalo injini yake haipatani na kitabu huzua shaka ya wizi, na shaka hiyo humwangukia aliye na gari siku hiyo, hata kama injini ilibadilishwa kabla yeye hajazaliwa.

Tatu, ni ukweli wa kihistoria. Gari linaloitwa la asili ilhali moyo wake ni wa saluni ya miaka kumi baadaye linaweza kuwa gari zuri sana, lakini si lile linalodaiwa kuwa.

Ngazi ya kwanza: nembo, kitabu na bamba

Ushahidi dhaifu kuliko wote ni nembo. Nembo hushikiliwa na vijipini viwili au vitatu, na yeyote mwenye bisibisi anaweza kuihamisha. Kitabu cha usajili kina nguvu zaidi, lakini nacho husimulia tu kile ambacho msajili aliambiwa.

Bamba la chuma lililobandikwa katika chumba cha injini linafaa zaidi. Katika 240Z, bamba hilo hutaja ujazo wa injini, nambari ya injini na nambari ya gari. Nambari ya gari hupigwa pia kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha chumba cha injini na chumba cha abiria. Herufi zinazoitangulia zina maana. HS30 ni 240Z yenye usukani wa kulia, kama itumikavyo Kenya. HLS30 ni ile yenye usukani wa kushoto. Hivyo 240Z iliyopo Nairobi yenye herufi HLS30 inatuambia kwamba safari yake ilipitia kwingine, pengine Marekani, kabla ya kufika hapa. Hata hivyo, bamba hutueleza injini ambayo gari lilizaliwa nayo, wala halisemi lolote kuhusu ile iliyomo leo.

Ngazi ya pili: jamii ya injini

Kabla ya kuuliza kama injini ni L24 au L28, sharti tuhakikishe kwamba ni ya jamii ya L. Hapa macho yanatosha. Katika injini za L zenye silinda sita, mabomba ya kuingizia hewa na yale ya ekzosi yako upande mmoja, kushoto kwa aliyeketi kwenye usukani akitazama mbele, na plagi ziko upande wa kulia. Kamshafti ni moja, iko juu ya kichwa cha silinda, nayo huzungushwa na mnyororo. Bloku ni ya chuma cha kusubu, na kichwa, au hedi kama waitavyo mafundi, ni cha alumini.

Ikiwa hewa huingia upande mmoja na moshi kutokea upande wa pili, na mbele kuna kifuniko cha plastiki kinachoficha mkanda, basi hiyo si L. Huenda ni RB ya Nissan au JZ ya Toyota, ambazo ni injini za miaka ya baadaye zinazopendwa na wanaotaka nguvu zaidi.

Mwanafunzi wa mofolojia atafurahia majina ya injini hizi kwa kuwa yana sarufi yake. Katika mfumo wa Nissan, herufi za mwanzo ni mzizi unaotaja jamii, tarakimu zinazofuata hutaja ujazo, na herufi za mwisho hunyambua jina kama vinyambuo vinavyokinyambua kitenzi. Katika L28ET, L ni jamii, 28 ni lita 2.8, E ni mfumo wa kunyunyizia petroli kwa shinikizo badala ya kabureta, na T ni tabo. Katika RB25DET, D huongeza habari kwamba kamshafti ni mbili. Sarufi ya Toyota ni tofauti: tarakimu hutangulia, nayo haitaji ujazo bali nafasi ya injini katika jamii yake. 1JZ ni ya lita 2.5 na 2JZ ni ya lita 3.0. Anayesoma jina la Toyota kwa sarufi ya Nissan atadhani 2JZ ni ya lita mbili, na atakuwa amekosea kwa lita nzima.

Ngazi ya tatu: nambari iliyopigwa

Tukishajua kwamba ni L, tunatafuta nambari ya injini. Hii hupigwa kwenye bloku, upande wa kulia kwa nyuma, chini kidogo ya mahali ambapo kichwa hukutana na bloku, karibu na plagi ya sita. Aghalabu mahali hapo pamefunikwa na mafuta na vumbi la miaka. Pasuguliwe kwa kitambaa na mafuta ya taa, wala si kwa msasa, kwa kuwa msasa hula chuma na kuifuta nambari inayotafutwa. Ikiwa tunasoma L28 ikifuatwa na tarakimu, tumepata jibu la awali.

Twasema jibu la awali kwa sababu nambari hii hupigwa kwa nyundo na muhuri baada ya bloku kukamilika. Kilichopigwa na mkono mmoja chaweza kusagwa na mkono mwingine, kisha kikapigwa upya. Mtambuzi atazame kama uso wa chuma ni sawa na ule unaouzunguka, kama tarakimu zina kina kimoja, na kama mstari wake umenyooka.

Ngazi ya nne: maandishi ya kalibu

Hapa tunahitaji kutofautisha aina mbili za maandishi. Yaliyopigwa hudidimia ndani ya chuma. Yaliyosubiwa huinuka juu yake, kwa kuwa yalikuwemo katika kalibu tangu chuma kilipomiminwa kikiwa uji. Kiswahili kina kitenzi kusubu tangu jadi, nacho kinafaa kutumiwa hapa: haya ni maandishi ya kusubu. Kuyabadilisha ni vigumu sana, maana ni mwili mmoja na kitu chenyewe.

Kichwa cha silinda cha jamii ya L hubeba maandishi hayo upande wa plagi. E31 ni kichwa cha 240Z za mwanzo. E88 kilifuata katika 240Z za baadaye na 260Z. N42 na N47 ni vya 280Z, na P79 na P90 ni vya 280ZX za mwanzoni mwa miaka ya 1980, P90 kikiwa kile cha tabo. Bloku nazo zina yake: N42, na baadaye F54, ni alama za bloku za L28.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Kichwa hufungwa kwa boliti, na kilichofungwa hufunguliwa. Wapo mafundi waliokuwa wakikitafuta kichwa cha E31 makusudi ili wakiweke juu ya bloku ya L28, kwa sababu vyumba vyake vya mwako ni vidogo na huongeza mgandamizo. Anayesoma E31 na kutangaza kwamba injini ni L24 amekitambua kichwa tu. Kifuniko cha vali kilicho juu yake kina uzito mdogo zaidi, kwa kuwa huhamishwa kwa dakika chache.

Ngazi ya tano: vipimo

Alama zikipingana, kinachobaki ni kupima. Kwa injini nyingine fundi hutumbukiza kijiti katika tundu la plagi, akaizungusha krankishafti kwa mkono na kupima pistoni inavyopanda na kushuka. Katika jamii ya L matundu hayo yamekaa mshazari, kwa hiyo kijiti hakitoi kipimo cha kuaminika. Ni lazima kichwa kivuliwe. Kisha hupimwa vitu viwili: kipenyo cha silinda, na urefu wa mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu. Eneo la duara la silinda likizidishwa kwa urefu wa mwendo, kisha kwa idadi ya silinda, hutupa ujazo.

L24 ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa milimita 73.7. Hesabu yake ni sentimita za ujazo 2,393. L26 ina 83 kwa 79, yaani 2,565. L28 ina 86 kwa 79, yaani 2,753. Msomaji aliye na kikokotoo anaweza kuyathibitisha haya mwenyewe.

Je, vipimo haviwezi kudanganya? Tazama takwimu hizo tena. L24 na L26 zina kipenyo kimoja, na L26 na L28 zina mwendo mmoja. Fundi akiitia krankishafti ya L28 katika bloku ya L24, atapata ujazo wa 2,565, ambao ni ujazo wa L26 hasa, ilhali hakuna hata kiungo kimoja cha L26 mle ndani. Aidha, silinda zilizochakaa huchongwa upya na kupanuka kidogo. Hivyo hata kipimo, ambacho ni shahidi mwaminifu kuliko wote, hujibu swali lake tu: injini hii ina ujazo gani leo? Hakituambii bloku ilizaliwa ikiitwa nani.

Kutoka gereji hadi maktaba

Kufikia hapa, mwanafunzi wa fasihi atakuwa amekumbuka somo la miswada. Mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hutufikia ukiwa na tarehe mwishoni. Je, tarehe hiyo ni ya mtunzi au ya mnakili? Tarehe iliandikwa kwa mkono, na mkono mwingine ungeweza kuinakili pamoja na makosa yake, kama nambari iliyopigwa kwenye bloku. Lakini karatasi ikiwa na chapa ya maji, chapa hiyo iliingia wakati karatasi inatengenezwa, kama maandishi ya kusubu. Chapa hutupa umri wa karatasi wala si umri wa utungo. Lugha ya mswada nayo hupimwa peke yake. Mhakiki makini haulizi tu kwamba mswada ni wa lini. Huuliza utungo ni wa lini, nakala ni ya lini, na nyongeza ni za nani. Majibu yanaweza kuwa matatu, na yote yakawa sahihi.

Tofauti ni kwamba mhakiki wa miswada ana vitabu vya kumwongoza katika lugha yake, ilhali fundi wa Kware hana. Maarifa tuliyoyaeleza yamo zaidi katika miongozo ya Kiingereza na Kijapani, na katika vichwa vya mafundi wazee ambao huyapitisha kwa mdomo. Mzee akifa, kurasa zake hufungwa. Ikiwa sisi tunaosomea Kiswahili tunadai kwamba lugha hii inaweza kubeba kila taaluma, basi tuna wajibu wa kukaa na mafundi hao, kuyasikiliza maneno yao, na kuyaandika kama wayatumiavyo kabla ya kuwaundia istilahi mpya wasizoziomba.

Hitimisho

Tumeona kwamba injini ngeni hutambuliwa kwa ngazi: nembo na hati, jamii, nambari iliyopigwa, maandishi ya kusubu, na hatimaye vipimo. Tumeona pia kwamba jibu sahihi mara nyingi si jina moja. Kwa gari letu la mfano, jibu lingeweza kuandikwa hivi: chesisi ni HS30, bloku ni N42 ya L28, kichwa ni E31, kipenyo ni 86, mwendo ni 79. Mistari michache kama hiyo ikiandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na kitabu cha gari, na mabadiliko yakasajiliwa inavyotakiwa, atakayelinunua gari baadaye hatanunua gasketi isiyo yake wala hatakuwa na la kumficha askari.

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa fundi, kufungua ni kuvua kichwa na kupima. Kwa mhakiki, ni kuusoma mswada wote kabla ya kuiamini tarehe ya mwisho. Kwa wote wawili, anayeishia mlangoni hana haki ya kusimulia yaliyomo ndani.